Namna ya Kusoma Mifupa ya Kale: Mwongozo kwa Mgeni wa Makumbusho na kwa Anayechimba Msingi

Anayeingia Makumbusho ya Taifa, katika Mtaa wa Shaaban Robert jijini Dar es Salaam, kwa kawaida huelekea moja kwa moja kwenye sehemu ya chimbuko la binadamu, husimama mbele ya fuvu la Zinjanthropus, yule zamadamu wa Bonde la Olduvai, hupiga picha, kisha huondoka akiwa amejua jina la fuvu na umri wake tu. Mwongozo huu umeandikwa ili msomaji aweze kukaa zaidi mbele ya fuvu lile, au mbele ya habari ya gazeti inayosema kuwa mifupa ya maelfu ya miaka imepatikana mahali fulani, akajiuliza maswali ambayo mtaalamu wa mifupa angejiuliza, na kwa mpangilio ambao mtaalamu angeufuata. Mpangilio huo si jambo la hiari. Swali ambalo wengi wetu hulitanguliza, yaani marehemu alikufaje, ndilo gumu kuliko yote na ndilo ambalo mifupa hulijibu mara chache zaidi. Mifupa na meno hujengwa mtu akiwa hai, kwa hiyo huhifadhi habari za alichokula, alikokulia na maradhi aliyoyashinda. Kifo chenyewe mara nyingi huja upesi na kupita bila kuugusa mfupa.

Anza na udongo, si fuvu

Mfupa ulioondolewa ardhini bila kumbukumbu ya mahali ulipolala umepoteza sehemu kubwa ya ushahidi wake, na hakuna maabara itakayoweza kuurudisha. Jambo la kwanza la kuuliza, basi, ni tabaka gani la udongo lililoushika, ulilala vipi, na kama kuna dalili ya shimo lililochimbwa kutoka juu. Kisa kizuri cha kujifunzia ni cha mwaka 1913, wakati Mjerumani Hans Reck alipokuta mifupa ya mtu katika Bonde la Olduvai ikiwa ndani ya tabaka la kale sana, lenye mabaki ya wanyama waliokwisha kutoweka duniani, naye akatangaza kuwa mtu huyo ana umri sawa na tabaka lenyewe. Ubishi ulidumu kwa miaka mingi, na hata mtafiti Louis Leakey aliukubali umri huo mwanzoni mwa miaka ya 1930 kabla ya kubadili msimamo. Hatimaye ilidhihirika kuwa lile lilikuwa kaburi: watu wa baadaye walichimba kutoka juu wakamzika mwenzao katika udongo uliomzidi umri kwa mbali. Vipimo vya kaboni vilivyofanywa baadaye vilimweka kwenye miaka 17,000 hivi iliyopita.

Kwa sababu hiyo, unaposoma kibao cha makumbusho, tofautisha umri wa mfupa wenyewe na umri wa kilichouzunguka. Kaboni 14 hupima mfupa wenyewe, lakini uwezo wake huishia kwenye miaka 50,000 hivi. Kwa Zinjanthropus, ambaye Mary Leakey alimpata tarehe 17 Julai 1959, kilichopimwa ni majivu ya volkano ya mahali pale, kwa njia ya potasiamu na agoni, inayopima jinsi potasiamu inavyogeuka kuwa gesi ya agoni kadiri miaka inavyopita, nayo ndiyo iliyotoa umri wa takriban miaka milioni 1.75 ambao wanafunzi wetu wanaukariri mpaka leo.

Baada ya tabaka, tazama mlalo. Katika pwani yetu maiti ya Kiislamu hulazwa ubavu wa kulia, uso ukielekezwa kibla, na kwa kuwa Makka iko kaskazini mwa Dar es Salaam, kichwa huwa mashariki na miguu magharibi. Anayekuta mifupa imelala hivyo, bila vyombo wala vito ubavuni, ana sababu nzuri ya kuanza na dhana ya mazishi ya Kiislamu, hata kama hapo juu hapakusalia nguzo za kaburi kama zile zinazoonekana kwenye magofu ya Kunduchi. Kinyume chake, mifupa iliyotawanyika haithibitishi kwamba marehemu alitupwa, kwa maana fisi, mafuriko, mizizi ya miti na trekta la mkandarasi vyote hutawanya mifupa bila kujali aliyezikwa alizikwa kwa heshima gani.

Mlalo unaweza kusema mengi kuliko mtu angetarajia. Katika pango la Panga ya Saidi, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, watafiti walichapisha mwaka 2021 habari za mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita, naye wakamwita Mtoto. Alilazwa ubavu wa kulia, magoti yakiwa yamekunjwa kuelekea kifuani. Mfupa wa bega na mbavu za juu zilikuwa zimebanwa kwa namna inayoonyesha kuwa sehemu ya juu ya mwili ilivikwa kitu kilichoishikilia, na kichwa kilikuwa kimeinama kwa namna inayoashiria kwamba kiliegemezwa juu ya kitu kilichokwisha kuoza, pengine mto wa majani. Hakuna kitambaa kilichopatikana wala jani. Yote hayo yalisomwa kutokana na pembe ambazo mifupa ilijikuta nazo baada ya nyama kuisha, na ndiyo maana nasisitiza kwamba atakayeng'oa mfupa kwa haraka ili auone vizuri atakuwa ameuharibu ushahidi wenyewe.

Jinsia, umri na kimo

Hapa mambo ni ya kawaida zaidi, ingawa magazeti hupenda kuyasema kwa uhakika usiokuwapo. Jinsia ya mtu mzima husomwa vizuri zaidi kwenye nyonga, ambako mwanamke huwa na uwazi mpana zaidi kwa ajili ya kuzaa. Fuvu pekee husaidia, lakini si la kutegemewa kwa kiwango hicho. Kwa mtoto ambaye hajabalehe mifupa haitoi jibu la kuaminika, hivyo ukisoma kwamba fulani ni mvulana wa miaka minne, uliza kama DNA au protini za meno zilipimwa.

Umri wa mtoto husomwa kwenye meno, kwa kuwa gego la kwanza la kudumu hutoka karibu na miaka sita, la pili karibu na kumi na mbili, na la mwisho karibu na kumi na minane au baadaye. Kwa kijana hutazamwa ncha za mifupa mirefu, ambazo huungana na mfupa mkuu kwa nyakati zinazojulikana, na mtulinga huwa wa mwisho kukamilika, mara nyingi mtu akiwa ameshapita miaka ishirini. Baada ya hapo kinachobaki ni kuchakaa, na kila mtu huchakaa kwa kasi yake, kwa hiyo mtaalamu mwangalifu atasema kati ya miaka thelathini na hamsini, na anayetaja mwaka mmoja kamili anastahili kushukiwa. Rudi kwenye Zinjanthropus ukamtazame kinywani: magego yake ya mwisho yalikuwa ndiyo kwanza yanatoka, hayajasagika kama yale ya mbele yake, jambo linaloonyesha kwamba alikufa akiwa kijana.

Hata hivyo kanuni hizi zimetokana na watu wa leo, na zinapotumiwa kwa zamadamu zinaweza kugongana. Kijana wa Turkana, ambaye Kamoya Kimeu aligundua mabaki yake mwaka 1984 magharibi mwa Ziwa Turkana, ana mwili unaolingana na wa mtoto wa leo wa miaka kumi na mbili hivi, ilhali mistari midogo ya ukuaji ndani ya meno yake inahesabika kuwa miaka minane tu. Tafsiri inayokubalika zaidi ni kwamba jamii yake ilikua upesi kuliko sisi, na meno ndiyo yaliyoaminiwa.

Meno ndiyo yenye habari nyingi zaidi

Ningelazimika kuchagua kiungo kimoja tu cha kukipeleka maabara, ningechagua jino, na sababu yake ni kwamba enameli, ile ganda ngumu ya nje, hujengwa utotoni mara moja na haifanyiwi ukarabati tena. Mfupa wa mtu mzima hujibadilisha polepole kwa miaka mingi na hivyo husimulia miaka yake ya mwisho. Jino husimulia utoto wake. Ukiwa na vyote viwili vya mtu mmoja unaweza kulinganisha mwanzo wa maisha yake na mwisho.

Zoezi la kwanza unaweza kulifanya nyumbani bila kifaa chochote isipokuwa kioo na tochi ya simu. Elekeza mwanga kutoka ubavuni, si kutoka mbele, kisha tazama meno ya mbele na chonge. Kwa baadhi ya watu utaona mifereji miembamba inayokatiza jino kwa ulalo, sambamba na ufizi. Kila mfereji ni kipindi ambacho mwili wa mtoto ulisitisha ujenzi wa enameli, kwa njaa, homa kali, au misukosuko ya kuachishwa ziwa, kisha ukaendelea. Kwa kuwa jino hujengwa kuanzia nchani kuelekea ufizini kwa kasi inayojulikana, mtaalamu akipima umbali wa mfereji huo anaweza kukadiria mtoto alikuwa na umri gani alipopatwa na shida. Mfereji hautaji jina la ugonjwa, ila unathibitisha kwamba mtoto aliuvuka.

Zoezi la pili linahusu asili ya mtu, na kwa Watanzania mfano wake uko sokoni na kwenye daladala. Wengi waliokulia Arusha, Meru na baadhi ya sehemu za Kilimanjaro wana meno yenye rangi ya kahawia kwa sababu ya floraidi nyingi katika maji ya huko. Mtu akihamia Arusha akiwa na miaka thelathini hawezi kuzipata alama hizo hata akinywa maji gani, na aliyekuja nazo Dar es Salaam hazimtoki. Isotopu za strontiamu, yaani atomi za madini hayo zinazotofautiana kwa uzito, hufanya kazi kwa mantiki iyo hiyo, ila hazionekani kwa macho: kila aina ya mwamba ina uwiano wake wa strontiamu, uwiano huo hupita kwenye maji na mimea hadi mwilini, na jino likitoa uwiano usiolingana na wa mahali lilipozikwa, ni dhahiri kwamba mwenye jino alikulia kwingine.

Chakula nacho husomwa kwa isotopu za kaboni, kwa kuwa nyasi za nchi za joto, pamoja na mahindi, mtama na uwele, huacha alama tofauti na ile ya miti, matunda na mboga nyingi. Njia hiyo ilibadilisha kabisa habari za Zinjanthropus. Kwa miaka mingi, kutokana na ukubwa wa taya na magego yake, alisifiwa kuwa mvunja karanga na kokwa ngumu. Vipimo vya meno ya jamii yake kutoka Olduvai na Peninj, vilivyochapishwa mwaka 2008 na watafiti akiwemo Mtanzania Fidelis Masao, vilionyesha kuwa chakula chake kikuu kilitokana na nyasi au mimea ya jamii ya ndago na mafunjo. Taya kubwa lilikuwa la kusaga kutwa nzima, na si lazima liwe la kuvunja. Ukiwa makumbusho, kumbuka hilo kabla ya kuamini maelezo yoyote yanayotokana na umbo peke yake.

Yapo mengine yanayoonekana kwa jicho. Fuvu la Kabwe, lililopatikana Zambia mwaka 1921, lina meno mengi ya juu yaliyooza vibaya, kwa hiyo maumivu ya jino si zawadi ya sukari ya dukani peke yake. Ukoga uliokauka na kuwa mgumu huhifadhi chembe za wanga na vijidudu vya kinywani, na wataalamu wa leo wanajuta jinsi makumbusho ya zamani yalivyousafisha ili meno yapendeze. Pengo nalo husomwa kwa tahadhari: Wamasai kwa desturi waling'oa meno mawili ya mbele ya chini, na tundu la jino lililong'olewa mtu akiwa hai huziba kwa mfupa, ilhali la jino lililodondoka baada ya kifo hubaki wazi na kingo zake zikiwa kali.

Maradhi: usimhurumie mtu asiyefaa

Kifua kikuu kilichokomaa hula pingili za uti wa mgongo hadi mtu anapinda. Ukoma huharibu mfupa wa pua na ncha za vidole. Matege hupinda mifupa ya miguu. Upungufu wa damu wa muda mrefu huhusishwa na vitundu vidogo kwenye paa la tundu la jicho. Malaria kali, kipindupindu na homa nyingi huua kabla mfupa haujapata nafasi ya kuitikia. Matokeo yake ni fumbo ambalo wataalamu wamelijadili tangu mwaka 1992: kiunzi chenye alama za ugonjwa kinaweza kuwa cha mtu mwenye nguvu aliyeishi na maradhi miaka mingi, na kiunzi kisicho na doa kikawa cha dhaifu aliyekwenda kwa wiki moja. Usiseme, basi, kwamba jamii fulani ilikuwa na afya njema kwa sababu tu mifupa yake ni safi.

Kifo na majeraha

Mbele ya mfupa uliovunjika uliza kwanza ulivunjika lini. Uvunjaji wa zamani, wakati wa uhai, huacha kingo zilizoviringika na mfupa mpya ulioota, na dalili hizo huanza kuonekana baada ya wiki moja au mbili. Mfupa uliovunjika karibu na wakati wa kifo bado una unyevu, hivyo hupasuka kwa mistari laini na iliyochongoka, nazo kingo zina rangi ile ile ya mfupa wote. Uliovunjika ukiwa mkavu, pengine kwa sururu ya mchimbaji, huwa na kingo zilizokwaruka na nyeupe kuliko sehemu nyingine. Tofauti hiyo ya rangi ni jambo dogo ambalo yeyote anaweza kulitazama kupitia kioo cha kabati la makumbusho.

Hata jeraha la wakati wa kifo halitaji nia. Mabaki ya watu yaliyopatikana Nataruk, kaskazini mwa Kenya, ya miaka 10,000 hivi iliyopita, yalichapishwa mwaka 2016 kama ushahidi wa shambulio: kati ya viunzi 12 vilivyokuwa vimeungana, 10 vilielezwa kuwa na majeraha ya kuua, na kipande cha jiwe kali kilikutwa kwenye fuvu moja. Wataalamu wengine waliyapinga baadhi ya majeraha hayo wakisema uzito wa udongo unaweza kulipasua fuvu vivyo hivyo. Binafsi naliona jiwe lililo ndani ya mfupa kuwa hoja nzito kuliko mipasuko. Ötzi, mtu wa barafu aliyepatikana kwenye milima ya Alps mwaka 1991, alichunguzwa kwa miaka kumi kabla ya picha za eksirei kuonyesha ncha ya mshale begani mwake. Mpaka hapo watu walidhani amekufa kwa baridi.

Olduvai kuna somo jingine. Jackson Njau na mwenzake walionyesha mwaka 2012 kuwa mfupa wa mguu wa zamadamu mmoja una alama za meno ya mamba. Alama hizo zinathibitisha kwamba mamba alikula. Hazisemi kama alimkamata akiwa hai au alimkuta amekwisha kufa.

DNA na mipaka yake

Joto na unyevu wa nchi zetu huharibu DNA, ndiyo sababu wachunguzi hutafuta mfupa mgumu unaozunguka sikio la ndani. Mwaka 2022 ilisomwa DNA ya watu wa kale wa Afrika ya mashariki na ya kati, wa hadi miaka 18,000 hivi iliyopita, wakiwemo wa Mlambalasi mkoani Iringa na Kisese huko Kondoa. Mwaka uliofuata ukachapishwa uchunguzi wa watu 80 wa miji ya Waswahili, ikiwemo Kilwa na Songo Mnara. Kwa wengi wao, zaidi ya nusu ya asili ilikuwa ya Kiafrika, hasa kupitia kwa mama, na iliyobaki ilitoka Asia, hasa Uajemi na kupitia kwa baba, kuchanganyika kukiwa kumeanza kwenye mwaka 1000 hivi. Kabla ya kubishana kibarazani kuhusu nani Mshirazi, angalia makaburi hayo yalikuwa wapi: mengi yalikuwa ya watu wenye nafasi, karibu na misikiti, na mvuvi wa pembezoni hakuzikwa hapo.

DNA pia imewarudishia watu jina. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin waliochunguza mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa enzi za ukoloni walitangaza kuwa DNA ya baadhi yake inalingana na ya jamaa walio hai Kilimanjaro. Linganisha na fuvu la Chifu Mkwawa wa Wahehe, lililochaguliwa kwenye makumbusho ya Bremen, Ujerumani, na Twining, gavana wa Tanganyika, kwa sababu vipimo vyake vilikaribiana na vya vichwa vya jamaa zake na kwa sababu lilikuwa na tundu la risasi, likarudishwa mwaka 1954 na sasa liko Kalenga. Heshima ya fuvu hilo kwa Wahehe ni jambo moja. Kama njia ile ya uteuzi ingeridhisha maabara ya leo ni jambo jingine, na jibu ni hapana.

Ukikuta mifupa kiwanjani kwako

Watu wa Kunduchi, Mbweni na Kigamboni hujenga juu ya ardhi iliyokaliwa kwa karne nyingi, na fundi anaweza kugonga kaburi akichimba msingi. Simamisha kazi hapo hapo, hata kama zege limeshaagizwa. Toa taarifa kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na polisi, kwa kuwa si rahisi kwa macho kutofautisha mifupa ya miaka mia tano na ya miaka mitano, na ya pili inaweza kuwa ya kesi. Ikithibitika ni ya kale, inaangukia chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na kuchimba zaidi kunahitaji kibali. Makaburi yanayojulikana yana sheria yake ya kuhamishwa ya mwaka 1969, na ndugu wa marehemu au wazee wa msikiti au kanisa washirikishwe mapema.

Wakati wa kusubiri, piga picha kutoka juu ukiweka rula au kalamu ubavuni ili ukubwa uonekane, na onyesha kaskazini iko wapi. Usioshe mfupa wala usiushike kwa mikono mitupu, kwa sababu jasho lako huacha DNA yako juu yake. Usichekeche udongo. Meno yaliyodondoka yaache yalipo, na mvua ikitishia, funika shimo kwa turubai, kisha chimba mfereji wa kugeuza maji upande wa juu wa kiwanja, mbali na shimo lenyewe.